Maswali ya Wasomaji: Mtoto, Simu na Sheria

Barua nyingi za mwezi huu, hasa zilizotoka mkoani Dodoma, zinauliza jinsi sera na sheria za nchi zinavyomlinda mtoto mtandaoni, na kama ulinzi huo unamfikia mtoto mwenyewe. Tumechagua nne.

SWALI: Binti yangu wa miaka 13 alizoeana mtandaoni na mtu aliyejitambulisha kuwa mwanafunzi. Alimtumia picha moja isiyofaa, na sasa mtu huyo anadai fedha huku akitishia kuisambaza. Baba yake anataka tuvunje laini na kufuta kila kitu ili aibu isitoke nje. Tufanye nini? – Mama, Nkuhungu, Dodoma.

JIBU: Pole sana, Mama. Tafadhali mwombe baba asifute chochote kwa sasa, wala msitume fedha, kwa kuwa aliyelipwa mara moja hurudi kudai tena. Jumbe, jina la akaunti, tarehe za mazungumzo na namba ambayo fedha zilitakiwa zitumwe ni ushahidi. Namba hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu laini nchini husajiliwa kwa alama za vidole, na hata kama mhalifu anatumia laini ya mtu mwingine, mpelelezi anapata pa kuanzia.

Sheria ya Makosa ya Mtandao Na. 14 ya mwaka 2015, kifungu cha 13, inakataza kuchapisha au kuwezesha upatikanaji wa picha za ngono za watoto kupitia kompyuta, na simu imo humo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 50, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Mtoto, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ni kila aliye chini ya miaka 18. Hapa pana tahadhari moja ambayo ndugu wenye nia njema huisahau: msiitume picha hiyo kwa shangazi, kwa mjomba wala kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ili kuomba ushauri, kwani kuisambaza ndiko kunakokatazwa.

Nendeni kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto, mkabidhi ushahidi na kuomba RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yenu. Mkisita kuanza na polisi, pigeni 116, namba ya bure ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, au mwoneni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kuhusu picha yenyewe, ipo huduma ya kimataifa isiyolipiwa iitwayo Take It Down, inayotengeneza alama ya utambulisho ya picha bila picha hiyo kutoka kwenye simu, na mitandao inayoshirikiana nayo huitumia alama hiyo kuizuia isionekane.

Binti yako amefanya jambo ambalo watoto wengi hawafanyi: amesema. Utafiti uliofanywa nchini na ECPAT (mtandao wa kimataifa unaopinga unyonyaji wa kingono wa watoto), INTERPOL na UNICEF, ukachapishwa mwaka 2022, ulikuta asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamefanyiwa ukatili au unyonyaji wa kingono mtandaoni ndani ya mwaka mmoja, na waliofika polisi au kupiga namba ya msaada walikuwa wachache mno. Kwa maoni yangu, udhaifu wetu mkubwa uko hapo. Sheria ipo na dawati lipo, lakini mtoto anayejua kwamba akisema atachapwa na kunyang'anywa simu atanyamaza, na mhalifu anautegemea ukimya huo. Kwa hiyo, adhabu yoyote ya nyumbani mnayoifikiria, iacheni.

SWALI: Shule anayosoma mwanangu huweka picha na majina kamili ya wanafunzi kwenye ukurasa wake wa mtandaoni. Je, ina haki hiyo? – Mzazi, Kibaigwa.

JIBU: Haina haki hiyo bila ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti, ambazo kuzichakata kunahitaji ridhaa ya maandishi. Mwandikie mkuu wa shule kwa upole; asipojibu, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hupokea malalamiko.

SWALI: Nasikia Australia imewapiga marufuku watoto kutumia mitandao ya kijamii. Kwa nini nasi tusifanye hivyo, tukapumzika? – Babu, Kondoa.

JIBU: Shikamoo, Babu. Ni kweli; tangu tarehe 10 Desemba 2025 walio chini ya miaka 16 hawaruhusiwi kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa huko, na faini, inayoweza kufika dola za Australia milioni 49.5, huangukia kampuni, si mzazi wala mtoto. Sehemu hiyo ya kuibebesha kampuni mzigo ningependa tuiige. Marufuku yenyewe nina shaka nayo, kwa sababu watoto wetu wengi hutumia simu ya mama au ya kaka, kwa laini na akaunti ya mtu mzima. Mtambo utakaopima umri utamwona mama. Sera ya Umoja wa Afrika ya mwaka 2024 kuhusu usalama wa mtoto mtandaoni inaunganisha kumlinda na kumwezesha, na naona ndiyo njia inayotufaa zaidi.

SWALI: Tunaambiwa tufundishe stadi za kidijitali, na shule yangu haina kompyuta hata moja. Nianzie wapi? – Mwalimu, Mpwapwa.

JIBU: Mwalimu, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, ilizinduliwa hapa Dodoma tarehe 1 Februari 2025, na matumizi ya TEHAMA yamo ndani yake. Vifaa havijazifikia shule zote. Mwombe mkuu wa shule aandike, kupitia halmashauri, kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao hugawa kompyuta na kugharimia mafunzo ya walimu.

Huku ukisubiri, ubao unatosha kuanzia. Andika ule ujumbe ambao kila mwenye simu ameupata, «ile hela tuma kwenye namba hii», kisha waulize wanafunzi: ni nani anayeandika, anajuaje kwamba kuna hela, na kwa nini ana haraka? Waonyeshe kwamba ujumbe wa namna hiyo hutumwa kwenda 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ya kuripoti matapeli. Kipindi kinachofuata, badilisha ujumbe uwe wa «mwanafunzi mwenzako» anayeomba picha, uwaachie wao maswali yale yale.