INR ya mama inapanda na kushuka baada ya kuwekewa vali ya chuma

Habari ndugu. Umeeleza kwamba mama yako, aliyewekewa vali ya chuma kwenye moyo mwaka jana, anameza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, bila kukosa, lakini INR yake, yaani kipimo kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, mara inatoka 1.6, mara 4.2. Nami nina vali kama hiyo, na niliyumba hivyo hivyo kwa miezi kadhaa.

Anza na sahani yake. Matembele, mchicha na kisamvu vina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa. Asiviache, bali ale kiasi kinacholingana kila wiki, kwa kuwa kinachovuruga ni kula bakuli zima Jumapili, kisha kukaa siku kumi bila jani. Halafu muulize kwa upole kama amenunua dawa nyingine dukani. Kwangu ilikuwa metronidazole ya tumbo, iliyopandisha INR hadi fizi zikatoa damu kila nilipopiga mswaki. Diclofenac ya magoti nayo ni hatari.

Dozi msiibadilishe wenyewe. Akipata choo cheusi, kichwa kikimuuma ghafla au upande mmoja wa mwili ukilegea, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane.