Barua kwa mwanangu: Laini ya Mtaa wa Laurel

Mwanangu Neema,

Barua yako imefika. Mama yako anasema kabla ya siasa zote, umwambie kama paa limezibwa. Umeniuliza: "Baba, sijahama nyumba, Greensboro ni ile ile, mbona uchaguzi wa 2024 niliamkia wilaya nyingine ya uchaguzi, na nani aliruhusu?"

Aliyeruhusu ni bunge la jimbo la North Carolina. Ramani hupitishwa kama sheria ya bajeti, ila hii gavana hawezi kuikataa. Mwaka 1996, alipopewa kura ya turufu, ramani za uchaguzi zilitolewa kabisa. Basi hilo limekwisha. Mimi nataka tuzungumze laini yenyewe, mpaka wa wilaya, inavyochorwa, maana unajua wimbo wangu: usitazame ramani, tazama kalamu iko mkononi mwa nani. (Naandika "wilaya" kwa kuwa huko jimbo ni North Carolina nzima. Ukimsimulia shangazi yako wa Morogoro, mwambie "jimbo la uchaguzi", vinginevyo mtabishana hadi asubuhi.)

Mwanzo wake ni sensa, kila baada ya miaka 10. Viti vya Baraza la Wawakilishi huko Washington ni 435 nchi nzima, na kila kiti kina wilaya yake. Kila jimbo linapewa kimoja, kisha vile 385 vinagawiwa kimoja kimoja kwa hesabu ambayo jimbo lenye watu wengi kwa viti lilivyokwisha pata ndilo linalotangulia. Kwenye viti vya mwisho ndipo watu hushikana mashati. Baada ya sensa ya 2000, North Carolina ilipata kiti cha 13 na Utah ikakikosa kwa watu wasiofika 900. Utah ilikwenda hadi Mahakama ya Juu, ikadai wamisionari wake walio ng'ambo wahesabiwe, ikashindwa.

Sensa ya 2020 iliwakuta North Carolina watu 10,439,388, viti 14. Chukua karatasi ugawe: 745,670, wanabaki 8. Basi wilaya 8 zina watu 745,671, na 6 zina 745,670. Tofauti ya mtu mmoja! Mahakama ya Juu ilianza kudai usawa huo mwaka 1964, na tangu hapo wachoraji hawataki kushitakiwa hata kwa kichwa kimoja.

Usawa huo ndio unaokata mitaa. Mchoraji anaanza na kaunti nzima. Watu wakizidi, anavunja kaunti moja na kuchukua maeneo ya vituo vya kura. Bado anapungukiwa watu mia mbili? Anashuka kwenye vitalu vya sensa, vipande vinavyozungukwa na barabara, reli au mto. Hapo kaa macho. Matokeo ya kura yanapatikana kwa kituo, lakini idadi ya watu na rangi zao zinapatikana hadi kwenye kitalu. Laini ikipasua kituo katikati, muulize aliyeichora alikuwa anasoma takwimu gani, za kura au za rangi.

Ujanja ni wa aina mbili, kurundika na kutawanya. Chukua wapiga kura 100, wilaya 5 za watu 20, wenzako wa chama wakiwa 40. Watawanye 8 kila wilaya, hampati kiti hata kimoja. Warundike 18 mahali pamoja, mnapata kimoja kwa kishindo na mnapigwa kwingine kote. Waweke 12, 12, 12 na 4, mna vitatu kati ya vitano, na safari hii atakayelalamika ni jirani yako.

Sasa Mtaa wa Laurel, ule dada yako aliokuwa akiukimbia asubuhi kuwahi darasa. Ramani ya 2016 ilipitisha laini hapo, katikati ya chuo cha North Carolina A&T, upande mmoja wilaya ya 6, upande wa pili ya 13. Chuo ambacho wanafunzi wake wanne Weusi, tarehe 1 Februari 1960, walikwenda kukaa kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth, iliyohudumia Wazungu tu, wakakataa kuondoka! Mbunge wa jimbo aliyesimamia kazi ile alisema hadharani kwamba anapendekeza ramani ya viti 10 kwa 3 kwa chama chake cha Republican, kwa sababu haoni namna ya kupata 11 kwa 2. Alma Adams, mbunge wa Washington na mwalimu wa miaka mingi wa Bennett College pale pale Greensboro, wilaya yake ya 12 ilihamishiwa Charlotte, naye akahamia huko. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikasema, majaji 5 kwa 4, kwamba upendeleo wa chama katika ramani si jambo la mahakama za shirikisho. Miaka imepita, bado linanichoma.

Halafu nakumbuka 1992, najikuta najibishana mwenyewe. Wilaya ya 12 ya wakati ule ilikuwa na urefu wa kilomita kama 257, sehemu kubwa haizidi upana wa barabara kuu ya 85. Mbunge mmoja wa jimbo alitania kwamba ukiendesha gari na milango yote miwili wazi, utaua watu wengi wa wilaya. Waliichora Wademokrat. Mbaya kwa macho kuliko zote, lakini uchaguzi ule ndio uliompeleka Mel Watt bungeni Washington pamoja na Eva Clayton, Weusi wa kwanza kutoka jimbo lile tangu 1901. Ya 2016 ilikuwa nadhifu kama shati la Ijumaa. Sasa niseme sura ndiyo ushahidi?

Kwa chaguzi za 2016, 2020, 2022, 2024 na sasa 2026, ramani ya jimbo imekuwa mpya mara tano. Ya 2022, iliyotoka mahakama ya jimbo, ilitoa viti 7 kwa 7. Ya 2023 ikaigawa kaunti yenu ya Guilford vipande vitatu, wilaya za 5, 6 na 9, na matokeo ya 2024 yakawa 10 kwa 4 kwa Republican. Ya Oktoba 2025 imegusa wilaya za 1 na 3, kwa hiyo safari hii ninyi mmeachwa.

Kama ni haki, hilo umeniuliza bila kuniuliza. Ulimi unaniwasha, lakini nyumba ni yako na kura ni yako. Weka anwani yako kwenye tovuti ya bodi ya uchaguzi ya jimbo, andika namba ya wilaya, kisha tafuta kitalu cha karibu ambapo namba inabadilika. Niambie ni barabara gani, na ya paa usisahau.

Baba yako