Kijani sio msitu: nilivyoumbuka na Mkwaja

Juzi nimepata imeli kwamba andiko langu limekubaliwa na jarida, nikaweka status, chai haijapoa kuna dogo kaniandikia, "Bro na mimi nataka kuwa mtafiti wa ikolojia, ninunue laptop gani?" Nikacheka kisha nikanyamaza, maana na mimi nilianza na swali hilo hilo.

Nilikuwa nasoma masta, nafatilia matumizi ya ardhi kwenye ile ranchi ya zamani ya Mkwaja huko Pangani. Pale palikuwa na maelfu ya ng'ombe tangu miaka ya 1950, ranchi ikafa mwaka 2000, na 2005 ikaja kuwa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Sasa mimi nimejikalia zangu Chumbageni, Tanga mjini, feni inazunguka, nikashusha picha za setilaiti ya Landsat za bure, za miaka ya 1980 na za karibuni, nikalinganisha, kijani kimeongezeka! Nikaandika kwa mbwembwe: ng'ombe wameondoka, msitu umerudi. Fildi sijakanyaga.

Siku ya kuwasilisha msimamizi wangu akaitazama ramani kimya, akauliza kitu kimoja tu. "Msitu huu una miti gani?" Ukumbi mzima unanitazama. Sina jibu. Akasema mbele za watu kwamba mimi sio mtafiti, ni fundi wa kupaka rangi. Mpaka leo nikikumbuka masikio yanapata moto. Alikuwa sahihi lakini jamani si angeniita pembeni.

Basi nikavuka na kivuko cha Pangani hadi Bweni, nikapanda bodaboda, nimevaa tisheti ya bluu ya chuo. Kosa la pili hilo. Mbung'o wanaipenda bluu na nyeusi kupita maelezo, walinila mgongo mpaka askari wa hifadhi akaniazima shati lake la kaki. (Kaki sio swaga wadogo zangu, ina sababu.)

Kijijini nikapelekwa kwa babu mmoja aliyechunga ranchini enzi hizo. Nikampa shikamoo, nikafungua ramani kwenye simu. "Msitu?" Akacheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu, hiyo migunga. Tumeikata hiyo mpaka mikono ikaota sugu, leo unakata, kesho imechipua."

Kesho yake nikaiona kwa macho. Udongo mweusi wa mfinyanzi, vijiti vyembamba vimesongamana, miiba imevimba chini kama vitunguu vidogo, ukigusa tawi sisimizi wanatoka ndani ya mwiba wanakuvamia. Na sababu iko wazi ukishaambiwa: ng'ombe wakila sana nyasi, moto wa nyika unakosa nyasi kavu za kuwaka kwa nguvu, mche wa mgunga unapona na kukua. Yaani kile kijani nilichokisifia kilianza na ng'ombe wenyewe! Mimi niliandika kinyume kabisa.

Halafu kulikuwa na madoa kwenye ramani yangu nimeyaita ardhi iliyoharibika. Babu akaweka kidole, "Hapa tulikuwa tunalaza ng'ombe." Boma. Samadi ya miaka na miaka. Nikaenda kuangalia, nyasi fupi laini kama zimefyekwa, mavi mabichi ya kuro, ngiri wamepiga magoti wanakula. Kumbe pikseli yangu (kile kidoa kimoja cha picha) ya mita 30 kwa 30 niliyoiona mbaya ndo sahani ya wanyama. Andiko lililokubaliwa limetokea hapo, sio kwenye laptop.

Kwahiyo ushauri: nenda fildi. Nenda kabla hujachora. Picha linganisha za msimu mmoja, ukiweka ya masika na ya kiangazi utaona maajabu ambayo hayapo. Kibali cha utafiti anza kukifatilia mapema. Na nenda fildi, narudia, maana vijana wa sasa mnataka digrii bila mbung'o, mnajua kubonyeza kila kitu ila mti mmoja wa kwenu hamuujui jina, mzee mkimkuta barazani hata kumwamkia tabu, halafu mnataka mtoboe.

Laptop yangu ni ya mtumba dogo, betri ilishakufa, inaishi kwa waya. Babu ameomba ramani mpya ya karatasi, kubwa, majina ya maboma yote aliyonitajia yaandikwe kwa herufi nene maana macho yameanza kumsumbua. Iko kwa mtu wa kuprinti, Jumamosi navuka nayo Bweni.