Katibu mpya, weka kongamano pembeni kwanza

SWALI: Shikamoo Dokta. Mwezi uliopita nimechaguliwa kuwa katibu wa chama chetu cha madaktari bingwa. Kwenye orodha tuko 212, wanaolipa ada hawafiki nusu. Mtangulizi wangu amenikabidhi faili moja na flash. Rais wetu anataka mpango kazi wa mwaka ndani ya wiki tatu, na kuna mshauri yuko tayari kutuandikia mpango mkakati wa miaka mitano kwa bei nafuu. Mimi naona tupange kwanza tarehe ya kongamano, mengine yafuate. Niko sahihi? Na kazi ya rais inaishia wapi, yangu inaanzia wapi? (Katibu mpya, Dodoma)

JIBU: Marahaba, Katibu. Hauko sahihi, lakini usione haya. Kila katibu mpya anayenipigia simu huanza na neno hilohilo. Kongamano! Ukumbi upi, kaulimbiu gani, fulana rangi gani, mgeni rasmi nani. Siku tatu zinakula miezi kumi, zikipita chama kinalala hadi mwaka mwingine, na kwenye mkutano mkuu tunasomewa mafanikio: tulifanya kongamano.

Mimi nilikuwa mweka hazina wa chama cha fani yangu kwa vipindi viwili. Nilichojifunza ni kwamba chama kina wadai wengi kuliko viongozi wake wanavyodhani, na kila mdai ana tarehe yake. Mpango wa mwaka ni kuwaandika wadai hao wote, tarehe zao, na jina la mtu mmoja atakayeulizwa siku hiyo ikifika. Jina la mtu, si "Kamati Tendaji". Kazi ya kamati nzima haina mwenyewe.

Chukua Msajili wa Jumuiya pale Wizara ya Mambo ya Ndani. Kama chama chenu kimesajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, kuna taarifa na ada ya kila mwaka. Fungua hiyo faili uliyokabidhiwa uone risiti ya mwisho ni ya mwaka gani. Mara nyingi ni ya zamani kiasi cha kutisha. Halafu TRA. Ritani ya mapato hutakiwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kufungwa, na hapa ndipo madaktari wenzangu wananichosha: "Sisi hatufanyi biashara." Mmeuza mabanda ya maonyesho kwa makampuni kumi na mbili, mmekusanya ada, mmelipa ukumbi, halafu hamfanyi biashara? Kutogawana faida hakukusamehe kodi. Hadhi ya taasisi ya hisani huombwa kwa Kamishna, naye akikubali anakubali kwa maandishi. Kama barua hiyo haimo kwenye faili, hesabuni kwamba hamna.

Sasa mdai ambaye karibu kila chama kinamsahau: bajeti ya mwajiri. Wengi wa wanachama wako wako hospitali za serikali. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, Bunge la bajeti linakaa Aprili hadi Juni, na hospitali zinakuwa zimeshapeleka mahitaji yao miezi mingi kabla ya hapo. Wewe ukitoa tangazo Agosti kwa ajili ya mkutano wa Oktoba, unamwomba mganga mfawidhi nauli na posho ambazo hazimo kwenye kifungu chochote. Atakujibu kwa upole kwamba ruhusa ipo, fedha hakuna. Kisha viongozi wanalalamika kwamba wa mikoani "hawana mwamko". Daktari wa Katavi ana mwamko, ila barua yenu imemfikia karibu mwaka mmoja baadaye kuliko ilivyotakiwa. Kongamano la Oktoba, barua kwa waajiri itoke Oktoba ya mwaka uliotangulia, ikiwa na tarehe, mji na gharama kwa kila mshiriki. Kwa hiyo unaona, hata kongamano lenyewe hupangwa vizuri ukianza na mengine.

Kuna pia pointi za mafunzo endelevu, ambazo mwanachama anazihitaji anapohuisha leseni yake Baraza la Madaktari Tanganyika. Mafunzo huombewa idhini kabla hayajafanyika, yakiwa na mada na watoa mada. Lakini nimeona kwa macho yangu ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, saa tatu usiku, semina imeshakwisha: "Ambao hawakufika watume jina kamili na elfu ishirini, cheti kitakuja." Watu kumi na tisa walituma majina kabla sijafika kuuliza ni nani kaidhinisha. Huo ni uuzaji wa vyeti, na anayeufanya ni daktari anayejua fika mgonjwa wake angesema nini. Sina lugha laini kwa hilo.

Huyo mshauri wenu naye. Nimewahi kupewa kuhakiki mpango mkakati ulionunuliwa na chama kimoja cha wataalamu wa afya. Jalada zuri, dira, dhima, tunu, jedwali la rangi. Ukurasa wa 14 ukasema lengo la tatu ni kuongeza tija kwa "wakulima wadogo wanufaika". Alikuwa ameuza waraka uleule kwa shirika la kilimo, akasahau kubadilisha maneno. La kusikitisha zaidi, waraka ulikuwa umeshapitishwa na mkutano mkuu! Hakuna aliyekuwa ameusoma. Ninyi madaktari mnaijua ile orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO ya mwaka 2008, vipengele 19, na mnajua kuna vyumba ambako inawekewa vema zote mgonjwa akiwa anashonwa, badala ya kuanza kabla hajapasuliwa. Mpango wa kununua huishia hivyohivyo: umejazwa, umesainiwa, na haujazuia chochote.

Swali lako la mipaka nitalijibu kwa ufupi, kwa sababu katiba yenu imeshalijibu na nadhani hujaisoma hadi mwisho. Rais anaongoza vikao na anakisemea chama mbele ya Wizara na umma. Wewe unashika muhtasari, barua, rejista ya wanachama na kalenda. Mweka hazina hatoi shilingi isiyo na uamuzi ulioandikwa. Kama mna rais mteule, yeye ndiye ashike kalamu ya mpango wa mwaka ujao, maana ndiye atakayeutekeleza. Akija kuurithi ukiwa tayari, atautupa.

Ila kabla ya vyote hivyo nenda benki. Mwaka wangu wa kwanza tulitakiwa kulipa malipo ya awali ya ukumbi siku ya Ijumaa. Hundi ilihitaji saini mbili. Mmoja wa watia saini alikuwa mweka hazina wa zamani, naye ameshaondoka miezi minne kwenda masomoni India. Benki ilitaka muhtasari wa mkutano mkuu uliotuchagua, na muhtasari ulikuwa kwenye kompyuta ya katibu aliyeondoka. Ukumbi ukachukuliwa na watu wa harusi. Badilisha watia saini ndani ya mwezi wa kwanza, na rais asiwe saini ya peke yake hata kama ni profesa wenu nyote.

Nikiwa hapohapo kwenye fedha, niseme na wengine wanaosoma. Ada msizozikusanya ndizo zinazowapeleka magotini kwa makampuni ya dawa. Chama chenye ada za nusu ya wanachama kinategemea mdhamini kulipia chakula, naye akilipa chakula anaomba dakika ishirini za jukwaani, mwaka unaofuata anapendekeza mada, wa tatu anapendekeza mtoa mada. Makampuni makubwa yenyewe yameona aibu: kanuni za shirikisho lao la kimataifa, IFPMA, zilipiga marufuku zawadi kwa madaktari tangu 2019. Sisi bado tunagombania mikoba. Udhamini si dhambi, mimi nimeupokea mara nyingi, lakini uwe na mkataba: kiasi gani, kwa ajili ya nini, fedha ziingie akaunti ya chama na si simu ya katibu, na kamati ya kisayansi ndiyo ichague mada bila kumuuliza mtoaji. Mdhamini ambaye hataki hayo yaandikwe, mrudishieni barua yake, banda lake apewe mwingine.