Chuo cha nje kimeleta mradi wa madarasa mseto: jibu kwa aliyeuliza (refu kidogo)

Habari za saa hizi wakuu.

Mleta mada anasema idara yao imepokea rasimu ya makubaliano kutoka chuo kimoja cha Ujerumani. Mradi wa miaka mitatu, wa kuwasaidia kufundisha mtandaoni na kwa mseto, yaani wengine wakiwa ukumbini na wengine kwenye simu zao. Mkuu wa idara kamtupia yeye aisome "kwa kuwa ni kijana", naye anauliza waliopita njia hiyo wanashauri nini.

Mimi nimepita. Nafundisha Takwimu kwenye chuo kimoja cha umma huku bara, na kuanzia 2021 hadi 2023 tulikuwa kwenye mradi unaofanana na huo pamoja na chuo kimoja cha Ufini. Majina nayaacha.

Mkuu, kabla hujaifungua hiyo rasimu, chukua karatasi uandike tatizo lenu ni lipi. Lenu, sio lao. Sisi hatukuandika, na mwaka mzima wa kwanza ukaliwa hivi hivi.

Wenzetu wa Ulaya 2020 walifunga madarasa wakahamia mtandaoni ndani ya wiki chache. Hapa Tanzania vyuo vilifungwa Machi 2020, wanafunzi wakarudi makwao, tarehe 1 Juni vikafunguliwa tukaendelea na chaki. Kwa hiyo walipotujia mwaka uliofuata, vichwani mwao alikuwemo mwanafunzi aliyejifungia chumbani, hana mwalimu. Shida yao ilikuwa umbali. Yetu ilikuwa msongamano. Takwimu ya mwaka wa kwanza nina wanafunzi 420, ukumbi una viti 250 na baadhi vimevunjika, wengine wanaandika wamesimama dirishani. Kufika wanafika wote, pa kukaa ndipo hapapo. Ila kwenye andiko la mradi hilo hatukulitia, tukaletewa dawa ya ugonjwa wa jirani.

Dawa yenyewe: kamera ya digrii 360, skrini kubwa na maikrofoni ya kufunga darini. Siku ya uzinduzi ukumbi umefurika, Naibu Makamu Mkuu wa Chuo kakaa mbele, Wafini wako kwenye skrini. Nikaanza kufundisha. Dakika kumi hazijaisha ujumbe ukaingia: wanasikia ngurumo tu. Kumbe fundi kaifunga maikrofoni futi mbili kutoka kwenye pangaboi. Tukazima pangaboi. Mchana wa Februari, watu zaidi ya 300 ndani! Robo saa haikupita Naibu Makamu kavua koti, na wanafunzi wa nyuma wameanza kuchomoka mmoja mmoja. Tukaliwasha, ngurumo zikarudi.

Aliyeokoa jahazi ni CR wangu, yaani kiongozi wa darasa, binti mmoja mpole. Alihamia kiti cha mbele na simu yake, akawa ananirekodi sauti vipande vya dakika saba nane, anavitupia kwenye kundi la WhatsApp pamoja na picha za ubao. Waliokosa nafasi ukumbini wakawa wanasomea humo. Baada ya wiki mbili Wafini wenyewe waliomba waingizwe kwenye kundi.

Tulipokaa kutathmini, hicho ndicho kilichokuwa kinafanya kazi, na kilikuwa hakijagharimu senti ya mradi. Sababu yake kila mtu hapa anaijua. Kipande cha sauti ni megabaiti chache, video ya saa nzima inakula mamia. Mnakumbuka kelele za Aprili 2021 bando zilipobadilishwa bei. Mwanafunzi anayesubiri bumu (hela ya mkopo) litoke hawezi kuangalia mihadhara ya video mitano kwa wiki, hata umpe kiungo kizuri namna gani. Nilipowaeleza wenzetu hilo kwa hesabu za bando, walinyamaza, halafu mmoja akauliza kama wanaweza kuhamisha fedha za skrini ya pili ziwe bando za wanafunzi. Mfadhili alikubali, ila barua zilichukua miezi minne. Ninyi liwekeni mwanzoni.

Sasa, nilichopata mimi binafsi hakikuwa kifaa. Kilikuwa ni makaratasi. Walituletea warsha inayoitwa ABC, iliyobuniwa na Clive Young na Nataša Perović pale University College London. Inachukua dakika 90 tu. Unapewa kadi za aina sita, kila aina na rangi yake, kufuatana na namna sita za kujifunza alizozipanga Profesa Diana Laurillard: kupokea, kuchunguza, kujadiliana, kufanya mazoezi, kushirikiana, na kutengeneza kitu. Unazipanga mezani wiki kwa wiki kadiri unavyofundisha kozi yako. Nikapanga. Wiki ya kwanza kupokea, ya pili kupokea, ya tatu kupokea, mpaka kadi za rangi hiyo zikaniishia nikaazima kwa jirani. Mzee mmoja wa idara yetu, anakaribia kustaafu, akachungulia meza yangu akasema, "Mwalimu, wewe ni redio." Meza nzima ikaangua kicheko, na yake ukiiangalia ilikuwa redio vilevile.

Kadi hizo ni za bure, unazichapisha mwenyewe. Hata mradi wenu ukifa leo, hilo fanyeni.

Kutokana na zile kadi ndio nikaligawa darasa. Maelezo yote niliyokuwa nahubiri ukumbini nikayaweka kwenye sauti fupi fupi na slaidi za PDF, wanasikiliza kwa muda wao. Ukumbini wanakuja nusu nusu, 210 Jumanne, 210 Alhamisi, na kazi inayofanyika ni mazoezi tu. Kila mtu ana kiti. Ukiniuliza mseto ni nini, kwangu ni huo, sio kamera.

Gharama yake usifichwe. Nilikuwa nafundisha kipindi kile kile mara mbili, na chuo kikahesabu mara moja. Saa za kuandaa zile sauti hakuna aliyezihesabu kabisa. Wenzetu Wafini kila aliyeshiriki alikuwa na asilimia fulani ya muda wake iliyokatwa rasmi na kulipwa kwa ajili ya mradi. Sisi tulikuwa na posho ya warsha na chai ya saa nne. Nililalamika, nikaambiwa "ni kujengewa uwezo huko mwalimu". Kwa hiyo mkuu, kwenye rasimu tafuta mstari unaosema mzigo wa kufundisha utapunguzwa kwa kiasi gani na nani atakushikia vipindi. Kama haupo, uandikwe kabla ya sahihi.

Sehemu iliyonifurahisha kuliko zote ilikuwa mwaka wa pili, tulipojaribu kinachoitwa COIL. Walioutangaza sana mtindo huo ni SUNY, vyuo vikuu vya jimbo la New York, tangu 2006. Walimu wawili wa nchi mbili wanaunganisha madarasa yao kwa wiki chache na kazi moja ya pamoja. Hakuna nauli wala viza. Kazi yetu ilikuwa hii: kila mwanafunzi akasimame kituo cha basi apime amesubiri dakika ngapi. Wafini wanaangalia ratiba kwenye simu ndio wanatoka nyumbani, kwa hiyo namba zao zilijazana kwenye dakika mbili tatu. Za kwetu za daladala zilikuwa na mkia mrefu, wapo waliosimama saa nzima mvua inanyesha. Nusu ya vijana wangu walikuwa wamepanda ndani ya dakika tisa, lakini wastani ukasoma karibu 17, umevutwa na wale wachache. Miaka kumi nafundisha tofauti ya wastani na namba ya katikati kwa mifano ya vitabuni, siku ile ikawaingia kwa dakika tano. Wafini nao wakauliza kwa nini kwetu gari linasubiri lijae ndipo liondoke, na mjadala wake ulivuka muda wa kipindi.

Vichekesho navyo vilikuwepo. Ufini majira ya joto saa zao na zetu ni zile zile, lakini Jumapili ya mwisho ya Oktoba wao wanarudisha mshale saa moja nyuma. Hakuna aliyekumbuka, vijana wangu wakakaa saa nzima wanaangalia skrini tupu. Kabla ya hapo CR alikuwa ameandika kwenye kundi "tunakutana saa 8", na Wafini watatu wakaingia asubuhi, sisi hata chai hatujanywa. Andikeni 14:00 muepuke hayo.

Tuje kwenye jambo lililoniuma. Seva yetu ilikuwa inazimika kila umeme ukikatika, kwa hiyo wenzetu wakasema kwa moyo mwema: wekeni kozi kwenye Moodle yetu (mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni). Tukaweka. Mradi ulipofungwa 2023, baada ya miezi michache akaunti zetu zikafungwa nazo, kwa mujibu wa taratibu zao. Benki ya maswali niliyoijenga kwa misimu mitatu ikaenda. Iliyosalia ni nusu niliyokuwa nimeishusha kwenye laptopu. Moodle ni programu ya bure, ipo tangu 2002, na inakuruhusu kushusha kozi nzima kama faili moja (linaishia na .mbz) ukalifungue kwenye Moodle nyingine yoyote. Ni kazi ya dakika tano kila mwisho wa muhula. Sikuifanya kwa uzembe wangu tu. Kingine ni kwamba sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo majina na alama za wanafunzi kukaa kwenye seva ya nje sio suala la kupatana na rafiki kwenye simu. Mwanasheria wa chuo aisome hiyo aya.

Kwa hiyo mimi ningeomba watu. Mtaalamu mmoja wa mifumo, mwenye mkataba ambao chuo chenu kitaurithi mradi ukiisha. Majengo na vifaa vina njia nyingine: HEET peke yake, mradi wa serikali wa elimu ya juu, ulitengewa dola milioni 425 za Benki ya Dunia. Fundi wa kuamka usiku kurudisha seva hewani hana mradi wake.

Na msiangalie Ulaya tu. Wakongwe wanakijua Chuo Kikuu cha Afrika kwa Mtandao (African Virtual University, AVU), kilichoanzishwa na Benki ya Dunia 1997, mihadhara ikirushwa kwa setilaiti kutoka vyuo vya ng'ambo. Huo ulikuwa ushirikiano wa upande mmoja, wao wanasema sisi tunasikiliza. Mradi wa PEBL, ulioratibiwa na Jumuiya ya Vyuo Vikuu vya Jumuiya ya Madola, ulikuwa na wazo ninalolipenda zaidi: vyuo vya Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania vitengenezeane kozi za mseto, mwenye mwalimu wa somo fulani amkopeshe asiye naye. Muulizeni huyo Mjerumani kama yuko tayari chuo cha tatu kiwe cha Uganda au Kenya. Bando wanalijua, mgao wanaujua, na saa zetu ni moja mwaka mzima.

Ukishaifungua hiyo rasimu, anza na ukurasa wa bajeti. Safu ya vifaa ikiwa nene kuliko ya watu, rudini mezani. Na mkuu wa idara mwambie kamera ya digrii 360 asihangaike kuiomba. Yetu iko kabatini, kwenye boksi lake, mkiitaka njooni na barua tu.