Jiko dogo la kuni kambini: mmeuliza, tunajibu

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu lile jiko dogo la chuma lisilofika kilo moja, unalolitia kwenye begi na kulilisha vijiti unavyookota njiani. Tumeyafupisha, ila hatukuyabadili maana.

Nimenunua jiko la chuma cha pua lenye kuta mbili. Muuzaji alisema halitoi moshi. Nawasha karatasi chini, najaza kuni mpaka juu, na linafuka kama tanuri la mkaa. Tatizo ni nini? (Msomaji, Morogoro)

Umelikoka kama unavyokoka moto wa mafiga, na jiko hili halikuundwa hivyo. Liwashe kutoka juu.

Ukuni ukipata joto hutoa gesi kabla haujashika moto wenyewe, na gesi hiyo ikikosa kuungua ndiyo moshi unaokutoa machozi. Katika jiko lako hewa huingia kwenye matundu ya chini ya ukuta wa nje. Sehemu yake hupita chini ya kuni, na sehemu nyingine hupanda katikati ya kuta mbili, ikapata moto, ikatokea kwenye vitundu vya juu vya ukuta wa ndani. Kazi ya hewa hiyo ya juu ni kuunguza ile gesi. Ukiwasha chini, moshi unapenya kwenye kuni baridi na kufika juu pasipo na mwali wa kuupokea.

Kata vijiti vikavu vyenye unene kati ya penseli na kidole. Vishindilie vizuri mpaka sentimita 2 chini ya vitundu vya juu, visivuke hapo. Juu yake tandaza vibanzi vyembamba kama njiti za kibiriti pamoja na kipande cha mshumaa kinacholingana na punje ya karanga. Washa hapo juu, na usiinjike kitu kwa dakika 3 hadi 5. Jiko likishapata moto utaona vindimi vikitoka kwenye vile vitundu, kimoja kimoja, mfano wa jiko la gesi. Hapo weka sufuria. Miali ikishuka nusu, ongeza kijiti kimoja au viwili tu. Ukirundika konzi nzima kwa mara moja unaupoza moto, na moshi unarudi.

Namna hii ya kuwasha ina historia ya karibu nasi. Paal Wendelbo wa Norwei aliitumia kwenye jiko lake aliloliendeleza Uganda na kulipa jina la Kiacholi, Peko Pe, yaani hakuna tatizo. Thomas Reed wa Marekani alifikia wazo hilo hilo kwa njia yake.

Tunapanda milima ya Usambara wakati wa masika na kila ukuni unaookotwa umelowa. Tubebe petroli? (Kikundi cha vijana, Lushoto)

Petroli msibebe. Mvuke wake huwaka kabla kibiriti hakijafika kwenye kuni, na aliyeinama juu ya jiko ndiye anayeungua uso.

Tofautisheni ukuni mbichi na ukuni uliolowa. Mti uliokatwa leo, hata nusu ya uzito wake yaweza kuwa maji, na joto lote la mwanzo litaishia kuyachemsha maji hayo. Huo uacheni. Lakini tawi lililokufa likanyeshewa mvua limelowa nje tu, kiini chake ni kikavu. Tafuteni matawi yaliyokauka yakiwa bado yananing'inia mtini au yamenasa vichakani. Yaliyolala chini kwenye majani yamekunywa maji siku nyingi. Vunjeni kijiti: kikikatika kwa mlio mkavu, chukueni. Kikijikunja na kuning'inia kwa ganda lake, hakifai.

Kisha ingieni ndani ya ukuni. Chukueni kipande cha sentimita 20, nene kama kifundo cha mkono, kisimamisheni, wekeni kisu imara juu na mkigonge kwa gongo mpaka kipasuke vipande vinne. Bandueni ganda na sehemu yote iliyolowa. Kwenye pembe ya ndani, ile ambayo mvua haikuifikia, chongeni maranda membamba yanayojikunja. Mnahitaji konzi mbili za maranda, konzi mbili za vibanzi, na kuni za kumalizia kupika zikiwa tayari zimepasuliwa kabla ya kuwasha kibiriti. Wengi hukwama hapa: moto unashika, mtu anaanza kuhangaika kutafuta kuni, akirudi umezimika na maranda yamekwisha.

Cha kuwashia, bebeni pamba iliyopakwa mafuta ya mgando, vidonge vitano au sita kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri. Kimoja huwaka dakika kadhaa hata kwenye unyevunyevu. Zile kuni zilizolowa zipangeni kuzunguka jiko, shubiri moja mbali nalo, zikauke wakati nyingine zinaungua.

Naweza kulipandisha Kilimanjaro? (Msomaji, Moshi)

Hapana. Ndani ya hifadhi hiyo kuni na mkaa haviruhusiwi, na wapishi wa misafara hupikia gesi. Oktoba 2020 moto uliwaka siku kadhaa mlimani na kuteketeza eneo kubwa la uoto wa asili. Kwa hifadhi nyingine yoyote, uliza langoni kabla hujafungua begi.

Jiko langu linachemsha chai vizuri sana, lakini nikisonga ugali linapinduka. Juzi sufuria nzima ilimwagika. (Mama wa watoto watatu, Iringa)

Pole sana, mama. Tunafurahi hukuungua. Jiko hilo lina kitako cha sentimita 10 au 12, na ugali unahitaji nguvu ya kusukuma kando. Haliwezi kuhimili, na halikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Jiko na litoe moto tu, sufuria ibebwe na mafiga. Tafuta mawe matatu yaliyo marefu kuliko jiko, yachimbie kidogo ardhini yasitikisike, ondoa vile vyuma vya juu ya jiko vinavyobeba sufuria, kisha liweke katikati na mlango wake wa kutilia kuni, kama unao, uangalie nafasi iliyo kati ya mawe mawili. Kitako cha sufuria kikae sentimita 3 au 4 juu ya mdomo wa jiko. Kikikaribia zaidi ya hapo unaukaba moto na masizi yanaongezeka, kikiwa mbali zaidi joto linapotelea hewani. Mawe usiyatoe mtoni: yenye maji ndani huweza kupasuka yakipata moto, na vipande vyake huruka.

Kwa watu wawili, nusu lita ya maji na unga gramu 250 hadi 300. Chemsha maji kwa moto mkali, koroga uji, uache utokote dakika 3 hadi 5. Kuanzia hapo usiongeze kuni. Jiko dogo huchoma mviringo wa katikati tu, na sufuria nyembamba za kambi hushika ukoko mweusi hapo wakati pembeni unga bado mbichi. Songa juu ya makaa na miali midogo, ukizungusha sufuria robo duara kila baada ya muda. Sufuria ya aluminiamu nzito yenye kitako bapa ni afadhali kuibeba, pamoja na uzito wake.

Mahali pasipo na mawe, ipua sufuria, iweke chini penye usawa, ibane kati ya viatu, songa kwa nguvu nusu dakika, kisha irudishe motoni. Watoto wakae mbali.

Kwenye milima ya Nyandarua ni baridi kali usiku. Nikimaliza kupika naweza kuingiza jiko hemani likiwa na makaa tu, bila moshi? (Msomaji, Nyeri)

Tafadhali usifanye hivyo, hata kwa dakika tano, hata mlango ukiwa wazi.

Makaa mekundu yasiyo na mwali ndiyo yanayotoa kaboni monoksidi kwa wingi. Haina harufu wala rangi, haikereketi koo, kwa hiyo hakuna kinachokushtua. Kichwa huanza kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, halafu usingizi, na aliyelala haamki. Ukihisi dalili hizo wewe au mwenzako, tokeni nje mara moja na mtafute matibabu. Ukumbi wa hema nao ni ndani. Mvua ikinyesha, funga turubai juu kiasi cha mita 2, pande zote zikiwa wazi, na upikie karibu na ukingo wake.

Kwa baridi, kuna njia salama: chemsha maji, yatie kwenye chupa ya chuma au ya plastiki ngumu inayostahimili maji moto, kaza kifuniko, igeuze uone kama inavuja, ivalishe soksi na uiweke miguuni ndani ya mfuko wa kulalia.

Nataka kujitengenezea kwa makopo. Nipeni vipimo. (Fundi chipukizi, Kigoma)

Kopo la nje liwe na kipenyo cha sentimita 15 hivi, mfano la maziwa ya unga. La ndani sentimita 11 au 12, fupi kuliko la nje kwa sentimita 2 au 3, na lenye ukingo uliojikunja mdomoni. Kati ya kuta ibaki nafasi isiyopungua sentimita 1 pande zote.

Kopo la ndani: kwenye kitako toboa matundu 20 ya milimita 5. Sentimita 2 chini ya mdomo, zungusha vitundu 16 vya kiasi hicho hicho. Kopo la nje: liondoe kifuniko, ligeuze kitako kiwe juu. Kata kwenye kitako hicho duara linalopitisha kopo la ndani kwa kubana, likwame kwa ukingo wake. Chini kabisa, kwenye ukuta, toboa matundu 12 ya milimita 12. Kusanya makopo hayo kwa kuyasukuma, bila gundi. Kiungo cha juu kikilegea, hewa inatoroka hapo na vitundu vya juu havitatema moto. Mafundi wengi hukosea hapo, wakadhani vitundu ni vichache na kuongeza vingine.

Liwashe mara ya kwanza nje, bila chakula, nusu saa, rangi ya kopo iungue yote. Bati la kuezekea lenye zinki usilitumie: zinki ikichomwa moto mkali hutoa mvuke unaodhuru mapafu. Kopo la kawaida litatoboka baada ya muda, na utakuwa umeshajua kutengeneza la pili.

Ni kuni zipi tusitumie? Sisi tuko pwani. (Wasomaji wawili, Kilifi na Bagamoyo)

Mnyaa, kwa sababu utomvu wake huunguza macho na moshi wake huwasha. Oliyanda (oleander), ule mmea wa maua wa bustanini, yote ni sumu, hata kijiti cha kuchomea mishikaki kisitoke kwake. Mbao zilizopakwa rangi au dawa. Mikoko pia muiache, iko chini ya ulinzi wa serikali Tanzania na Kenya. Mna vifuu vya nazi: vivunjeni vipande vya ukubwa wa sarafu, vinawaka kwa moto mkali na kuacha makaa mazuri. Makumbi yanafuka sana, yatumieni kuwashia tu, yakiwa makavu kabisa.

Lita moja ya maji inakula kuni kiasi gani, na yachemke muda gani ndipo yanyweke? (Msomaji, Nairobi)

Kuni kavu gramu 150 hivi, dakika 8 hadi 12, ukiwa umefunika sufuria na kukinga upepo. Bila kifuniko, ongeza. Maji yakitokota kwelikweli, dakika 1 inatosha. Ukiwa juu ya mita 2,000, dakika 3, kwa sababu huko maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kwa sababu hiyo hiyo maharage hayaivi upesi milimani, basi yapikeni nyumbani.

Sufuria inakuwa nyeusi tii, na sijui nizime jiko vipi. (Msomaji, Dodoma)

Kabla ya kuinjika, paka nje ya sufuria sabuni ya mche iliyoloweshwa, nyembamba tu, kitako na ubavuni. Masizi yatashika juu ya sabuni na kutoka kwa maji na kitambaa.

Jiko usilimwagie maji likiwa na moto, chuma kitapinda na mvuke utakuchoma mkono. Acha kuni ziishe zenyewe. Kabla ya kupika uwe umeshafyeka nyasi kavu mita moja na nusu kuzunguka na kuliweka jiko juu ya udongo mtupu au jiwe bapa, kwa maana kitako chake kinaweza kuunguza majani yaliyo chini. Upepo wa kiangazi cha Dodoma ukivuma kwa nguvu, kula mkate siku hiyo. Jiko likipoa, mwaga makaa na majivu kwenye shimo dogo, tia maji, koroga kwa kijiti, tia tena, kisha gusa kwa mgongo wa mkono. Bado kuna uvuguvugu? Ongeza maji.