Kabla hujafunga fundo la molekuli, uliza nani atashikilia

Nikisema mimi ni kemisti hapa Kisumu, mtu wa kwanza ataniuliza kama niko na dawa ya kikohozi. Nimezoea. Kazi yangu ni kutengeneza molekuli zilizofungana kama pete za mnyororo, na siku ikiwa nzuri zingine zinapata fundo kabisa, na kwa vile kuna vijana wananiuliza kila mara waanzie wapi, wacha niandike mara moja.

Usikimbilie mashine za molekuli. Kila mtu amesikia ile Nobeli ya kemia ya 2016 waliyopata Sauvage, Stoddart na Feringa kwa hizo mashine, basi anaingia maabara Jumatatu akitaka injini inayozunguka kufikia Ijumaa. Angalia kwanza ilianzaje. 1960 kemisti Wasserman alipata pete mbili zilizoshikana kwa kubahatisha tu, yaani unafunga uzi uwe pete huku unaomba kwamba kwa bahati umepita katikati ya pete nyingine, na mara nyingi haukupita, kwa hivyo alichopata kilikuwa kidogo sana. 1983 kule Strasbourg, Sauvage na wenzake wakaweka ioni ya shaba, yaani chembe ya shaba yenye chaji. Shaba inashika pete, inashika na kipande kingine kilichopinda kama mundu, inakikalisha ndani ya hiyo pete, ndio sasa unafunga mundu uwe pete ya pili halafu unatoa shaba. Mavuno, yaani kiasi unachopata ukilinganisha na kile ungepata kama kila kitu kingefungana: asilimia 42. Jamani, 42!

Mimi hii kitu niliielewa Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, si darasani. Kulikuwa na mzee anashona nyavu pale ufuoni na nikaona mkono wake wa kushoto ndio una kazi, unabana uzi tu hauachilii, ule wa kulia unapitisha sindano na kurudi. Nikamwambia mzee, mkono wako wa kushoto ndio shaba. Akaniangalia vile watu huangalia mlevi wa asubuhi. Lakini tangu siku hiyo mwanafunzi akiniletea mchoro wa molekuli swali langu ni moja, nani anashikilia wakati unafunga? Akikosa jibu arudi akachore tena.

Na hata ukiwa na jibu, jitayarishe kwa mavuno ya aibu. Fundo la kwanza la molekuli, lile ambalo uzi wake unapishana mara tatu, Dietrich-Buchecker na Sauvage walilitoa 1989 kwa asilimia 3 hivi. Zile 97 zingine ni uchafu ambao utautenganisha wewe, kwa kolamu ya silika, yaani bomba lenye unga unaochuja vitu kimoja kimoja, umesimama, unabadilisha chupa ndogo moja baada ya nyingine mpaka magoti yaite. Kama hupendi kolamu, hii kazi si yako, nakuambia mapema.

Sasa kosa langu. Ile chumvi ya shaba tunayotumia inatakiwa iwe nyeupe. Oda yetu ilikaa kwa ajenti wiki nyingi, ikafika ikiwa na rangi ya kijani-samawati kidogo, na mimi kwa haraka nikasema ni kidogo tu si kitu. Miezi minne, watu wangu. Nilibadilisha kiyeyushi, nikabadilisha joto, nikalaumu stima inayopotea, nikalaumu kila mtu isipokuwa ile chupa. Mchanganyiko ukishika vizuri unakuwa mwekundu iliyokolea, unaona kwa macho bila mashine yoyote, wangu ulikuwa rangi ya chai ya mkandaa iliyotiwa maji na bado niliendelea!

Kumbe shaba ilikuwa imepigwa na hewa, imepoteza elektroni moja. Ile nzima inataka kushikwa mahali pane, hii iliyoharibika inapenda kushikwa mahali patano, kwa hivyo haikai vile unataka. Kilichoniuma zaidi ni kugundua kwamba hiyo tabia ndiyo Sauvage alitumia 1994 kufanya pete moja izunguke ndani ya nyingine: unaiondolea shaba elektroni, inatafuta kushikwa mahali patano, pete inageuka, ukiirudishia inageuka tena. Yaani nilikuwa na mwendo wa mashine mkononi miezi minne nikidhani ni uchafu. Kwa hivyo jaribio likikataa andika rangi, andika saa, usimwage haraka.

Kutoa shaba mwishoni hutumia sianidi. Hapo sina utani: usifanye peke yako, usifanye nje ya kabati la kuvuta hewa chafu, na asidi isikaribie hata tone kwa sababu itatoa gesi ya kuua.

Na kuna wale huniambia wametoka kijijini hawawezi. Stoddart alilelewa shambani karibu na Edinburgh nyumba haina stima, Feringa pia ni mtoto wa shamba. Wewe wa Bondo au Malava unaogopa nini, si hata simu unayo.

Ukiandikia maabara za nje kuomba nafasi, weka mavuno yako ya ukweli. Mimi niliandika asilimia 2, na hilo ndilo waliniuliza kwanza, uliipataje, uliitenganishaje, tukaongea saa nzima.

Ile chupa ya kijani bado iko juu ya kabati letu. Nimeandika kwa maka nyekundu USITUMIE, na bado juzi nilipata mtu ameifungua.